Mercedes-Benz C200 Kompressor ya 2005 (injini M271) inatetemeka ikiwa imesimama

Swali: Wakuu, mashine ya kupima gari inasoma P0171 (kosa la petroli pungufu kuliko hewa). Nianzie wapi kabla ya kufungua supachaja (pampu inayosukuma hewa ndani ya injini)?

Jibu: Supachaja iache kwanza. Kagua mipira ya kupumulia ya injini iliyojificha chini yake. Joto huikausha ikapasuka, hewa isiyopimwa ikaingia na petroli ikawa pungufu. Puliza moshi kwenye njia ya hewa, ufa utajionyesha.

Jibu: Chomoa pia soketi za nyaya za sumaku za kemshafti (mhimili unaofungua valvu), mbele juu ya injini. Zikiwa na oili ndani, badilisha sumaku zote mbili upesi. Oili hutambaa ndani ya nyaya hadi kompyuta ya injini, na hiyo ni gharama kubwa mno.

Jibu: Oili ni lita 5.5 pamoja na filta, yenye idhini ya MB 229.5 (kiwango cha oili cha Mercedes-Benz). Cheni ya taimingi (inayozungusha kemshafti) ikilia injini ikiwa baridi, usiiendeshe: ikiruka meno, valvu hugonga pistoni.