Tupeane uzoefu: kitenzi cha Kiingereza "chew" (kutafuna) kiliwahi kukukwamisha wapi?

Wakuu, habari zenu. Hiki kitenzi kinaonekana chepesi mpaka uanze kukitungia sentensi. Naanza na yangu.

Niliandika ripoti ya kikundi chetu: "The treasurer chewed our money." Nilimaanisha mhazini aliyetafuna pesa. Mhariri, ambaye Kiingereza ndiyo lugha yake ya kwanza, akalizungushia neno duara na kuuliza pembeni: alizitia noti mdomoni? Nikabadilisha: "embezzled our money." Hela zikiibwa na aliyekabidhiwa, tumia "embezzle", zikifujwa, "squander". "Chew" huwa naiachia meno kwanza, hayo mengine baadaye.

Leteni zenu, na sentensi muziweke kama mlivyoziandika.

— Mkuu, mimi iliniponza "on". Mbwa wa jirani alikichanachana kiatu changu, nikamwandikia mwenyewe: "Your dog chewed on my shoe." Akanijibu kwa upole kwamba nikikipangusa kitafaa. Kumbe "chew on" ni kuguguna tu, kitu kinaweza kubaki kizima! Nilipaswa kuandika "chewed up my shoe", maana kilichobaki ilikuwa soli na kamba. Nilipomtumia picha ndipo akaelewa nadai nini.

— Hiyo hiyo "on" ilininyima usingizi kazini. Nilipeleka pendekezo, bosi akasema: "Let me chew on it." Nikajua limeshatupwa. Kumbe aliomba muda wa kulitafakari, na baada ya wiki mbili akalipitisha. Angalieni pia "out": Mmarekani akisema "My boss chewed me out", amegombezwa vikali.

— Naongezea la "kucheua", kwa sababu sauti inafanana na "chew" na inawapotosha watoto wetu. Binti yangu aliandika: "The baby chewed the milk." Alimaanisha mtoto amecheua maziwa, yaani yamerudi mdomoni baada ya kunyonya. Sikumkata kwa wino mwekundu, tulikaa tukaitengeneza pamoja: "The baby brought up some milk." Halafu nikamwonyesha mahali maneno hayo mawili yanapokutana kweli: ng'ombe akicheua, Mwingereza husema "The cow is chewing the cud." Akaiandika mara tatu bila kuambiwa.