Mjadala (Machi 2021): CBK, Benki Kuu ya Kenya, iongeze muda wa nafuu ya mikopo ama kila mtu abebe deni lake?

Shuka_Nyali
Wadau hamjambo. Mwaka jana, 2020, tarehe 18 Machi CBK iliambia mabenki yakae na wateja yapange mikopo upya kwa sababu ya corona. Dirisha hilo limefungwa tarehe 2 mwezi huu. Halafu Ijumaa tarehe 26 Rais kafunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, hakuna kuingia hakuna kutoka. Mie nina vani mbili za kubeba wageni hapa Mombasa na wageni wangu wa Pasaka ni hao hao wa Nairobi. Jumamosi simu zote ni nirudishie deposti yangu. Benki nayo imetuma meseji yake ya kila mwezi, tarehe 5 hakikisha akaunti ina pesa. Sasa serikali ikifunga barabara si ifunge na tarehe ya benki? Iongezwe au isiongezwe?

Mhasibu_Mstaafu
Iongezwe, lakini kwanza watu waelewe walichopewa mwaka jana maana wengi walidhani ni msamaha. Chukua mtu ana salio la 600,000 kwa riba ya asilimia 13. Riba ya mwezi mmoja ni 6,500. Ukiambiwa pumzika miezi sita, wewe ndio umepumzika, riba iko kazini. Ni 39,000, na hapo sijahesabu riba juu ya riba. Inapandishwa kwenye deni, ukirudi kulipa unaanza na 639,000. CBK ilisema benki ibebe gharama za kupanga upya, yaani ada na makaratasi. Riba hakuna aliyeisamehe.

Kichwa_Thika
Hamtosheki nyinyi. Jana CBK imesema mikopo ya trilioni 1.7 ilipangwa upya mpaka mwisho wa Februari, asilimia 57 ya mikopo yote ya mabenki. Zaidi ya nusu! Mnataka benki ziwaletee na chakula? Pesa ya benki ni ya watu, mamangu ameweka fiksidi, akiba ya muda maalum, huko. Na wengine wenu mlikuwa mnauza kama kawaida, hasa wenye mabaa, kafyu inaingia mlango wa mbele unafungwa wa nyuma unafunguliwa, soseji moja baridi inazunguka meza kumi ati hii ni hoteli ya chakula inayoruhusiwa kuuza, leo ndio wa kwanza kulia madeni.

Kaunta_Ruiru
Wewe Kichwa hiyo soseji uliikula wapi kama hukuwa ndani?

Kaunta_Ruiru
Na wacha nikujibu vizuri kwa sababu hii maneno inaniuma. Baa ilifungwa Machi mwaka jana mpaka mwisho wa Septemba. Mimi sikuuza mlango wa nyuma kwa sababu mlango wa nyuma wangu unaangalia kituo cha polisi, kwa hivyo hata uhalifu nilinyimwa. Lisensi nililipa, kodi ya nyumba nililipa nusu mpaka landilodi akaweka kufuli yake juu ya yangu, wasichana watatu wa kaunta nikawarudisha kwao. Friji mbili za milango miwili nikauza moja. Sasa tumefungwa tena tangu Ijumaa na unaniambia nilikuwa nauza kama kawaida. Kawaida gani?

Kichwa_Thika
Sikukutaja jina. Kama kofia imekutosha vaa. Mtaani kwetu zilikuwa zinauza, tena askari akipita anapewa yake anaendelea na doria.

Mama_Spea
Jameni mimi nauliza kitu, kuna mtu hapa aliyekuwa na shida KABLA ya corona akasaidiwa? Kwa sababu sharti lilikuwa mkopo uwe unalipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi 2020. Mimi Februari nilikuwa nimeruka mwezi mmoja, kontena ya spea ilichelewa, China walikuwa wamefunga tayari. Yaani corona ilinifika mapema kuliko wengine ndio maana nikakosa nafuu ya corona. Ofisa wa mikopo akaniambia pole madam, mfumo unakukataa. Nikaenda kwa shailoki, mkopeshaji wa mtaani, nikaweka rehani logibuku ya pikapu.

Babu_wa_Kaloleni
Soseji kweli ilikuwako wanangu. Mpaka mwezi wa saba Rais akapiga marufuku pombe kwenye mahoteli kwa siku thelathini. Serikali haipigi marufuku kitu ambacho hakipo.

Kaunta_Ruiru
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo marufuku ilikuwa ya mahoteli. Sisi wa baa tulikuwa tumefungwa hata kabla ya hiyo. Msituchanganye. Mwenye hoteli aliuza bia na nyama choma Juni na Julai, mimi nilikuwa nyumbani nasaidia mtoto hesabu za darasa la sita.

Mdau_Arusha
Nipite tu majirani. Huku kwetu hatukufunga lakini wageni wa safari hawakuja vilevile, ndege zilikata. Mwaka jana Mei BoT, Benki Kuu ya Tanzania, nayo iliruhusu mabenki yapange upya mikopo, benki moja moja, kwa haki na uwazi ndivyo walivyosema. Jamaa zangu wenye magari ya mbugani walipunguziwa marejesho, wengine waliambiwa waje kesho mpaka leo. Kwa hiyo kufunga au kutofunga, deni linafika.

Kichwa_Thika
Nyinyi si mlisema corona imeisha kwa nyungu, kujifukiza mvuke?

Mdau_Arusha
Ndugu, tuko msibani, tumempoteza Rais Magufuli. Nimechangia mada ya mikopo. Tuheshimiane.

Babu_wa_Kaloleni
Poleni sana. Kichwa, kuna siku za kunyamaza.

Shuka_Nyali
Jamani vani zangu… Tarehe 5 si mbali. Nimeenda tawini leo, meneja ananiambia hata bila agizo la CBK benki inaweza kupanga mkopo upya ikitaka. Nikamwuliza je inataka? Akacheka. Akasema leta makadirio ya mapato ya miezi sita. Mie nitakadiria vipi wakati sijui Nairobi itafunguliwa lini?

Mhasibu_Mstaafu
Huyo meneja hajakudanganya. Kupanga upya mkopo kulikuwako kabla ya corona. Kilichobadilika mwaka jana ni kwamba CBK ililegeza jinsi benki inavyouhesabu huo mkopo vitabuni, usionekane mbovu haraka ikalazimika kutenga pesa ya hasara. Sasa ulegevu umeisha, akikupa muda ni kwa mzigo wake, ndiyo maana anacheka. Mpelekee makadirio mabaya na mazuri, karatasi mbili, na umwombe ulipe riba tupu kwa muda bila kugusa deni lenyewe. Usimwombe asimamishe kila kitu, ile hesabu ya 39,000 itakurudia.

Kibanda_254
Wenzetu wa benki mna bahati mnalia kwa viyoyozi. Sisi wa app za mikopo ya simu nani alitupigia simu? Mimi nilikopa 8,000 ya kununua mafuta na unga wa mandazi, shule zikafungwa, mandazi nauzia nani? App ikampigia mama mkwe. MAMA MKWE. Akaambiwa mkweo ni mwizi. CBK iliwanyima hawa wa app kupeleka majina CRB, kule wanakoorodheshwa wasiolipa madeni, sawa, lakini namba za simu walikuwa nazo.

Mama_Spea
Na hakuna aliyenijibu.

Kichwa_Thika
Mama Spea shailoki ni uamuzi wako. Ungeuza pikapu ukalipa benki.

Mama_Spea
Pikapu ndiyo inabeba spea, nikiiuza nibebe gia boksi kichwani? We unaandika kama mtu ambaye mshahara wake uliingia kila mwezi mwaka mzima. Uliingia ama haukuingia? Jibu hilo tu.

Kibanda_254
Amenyamaza 😂

Kichwa_Thika
Sijanyamaza niko kazini. Ndiyo mimi ni wa serikali, kwani ni dhambi? PAYE, kodi ya mshahara, tumekatwa sote, na kiwango cha juu kimerudishwa asilimia 30 Januari. Na bado nasema kama benki italazimishwa kusubiri tena mwaka, mkopo wa kesho utakuwa mgumu kwa huyo huyo Mama Spea. Watapeleka pesa zao kwa bondi za serikali, yaani waikopeshe serikali, wakae wakikunywa chai.

Mhasibu_Mstaafu
Hapo kwa bondi umesema kweli, ungeanza na hilo badala ya soseji.

Kaunta_Ruiru
Aanze na kuomba msamaha kwanza.

Kichwa_Thika
Siombi. Nitaje baa moja Thika Road ambayo haikuuza.

Kaunta_Ruiru
Yangu.

Babu_wa_Kaloleni
Mimi naomba kuuliza kando. Ile friji ya pili ya milango miwili bado iko? Kijana wangu anataka kuanza kuuza samaki.

Kaunta_Ruiru
Iko mzee. Tatizo niko Ruiru na barabara imefungwa, mpaka tupate lori la mizigo. Njoo inboksi.

Shuka_Nyali
Mizigo inaruhusiwa? Vani yangu moja naweza kutoa viti.