Dinamo ya chupa au ya kitovu: nifunge ipi, na waya niupitishe wapi?

Pedali_Usiku:
Habari za jioni wakuu. Nimechoka na taa za betri, chaji huisha siku ile ile ninapozihitaji. Nimeamua kuhamia kwenye dinamo na wiki hii lazima nichague: ile ya chupa inayosugua tairi, au ile inayokaa ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele? Kufunga nitafunga mwenyewe. Wenye uzoefu naombeni mawazo, ipi bora?

Mzee_wa_Waya:
Karibu, ila hujatuambia kitu. Gurudumu la inchi ngapi? Breki za rimu au za diski? Spoku ngapi? Taa unazo tayari? Za balbu au LED? Na usiku unaendesha dakika kumi au saa nzima? Bila hayo kila atakayekujibu ataelezea baiskeli yake, si yako.

SpokuMoja:
Kitovu, usipoteze muda. Changu kina mwaka wa sita. Hakitelezi mvua ikinyesha, hakipigi kelele, hakili tairi. Ukiinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono utahisi sumaku zinavuta kwa vishindo vidogo vidogo, lakini ukiwa juu ya tandiko husikii lolote. Taa yangu huwa naiacha imewaka hata mchana.

Bi_Kengele:
SpokuMoja, mwambie na upande wa pili. Kitovu maana yake ni kusuka gurudumu upya, au kupata gurudumu zima jipya. Chupa ni kibano na bolti. Tena ukiizima, roli (kile kigurudumu chake kinachogusa tairi) inaachana na tairi na miguu yako haibebi chochote. Sumaku za kitovu zinazunguka nawe usiku na mchana, hata taa ikiwa imezimwa.

SpokuMoja:
Ule mzigo wa taa iliyozimwa ni mdogo mno, dada. Pima chupa yako ikiwa inafanya kazi ndipo tuongee. Zote mbili zinatakiwa kutoa wati 3, lakini chupa inakudai nguvu nyingi zaidi za miguu ili ikupe hizo hizo 3. Nyingine inapotelea kwenye kusuguana na tairi.

Pedali_Usiku:
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni baiskeli ya kukunja, magurudumu ya inchi 20, breki za rimu. Taa ya mbele ninayo, ni LED, rafiki alinipa. Nyuma yake ina ncha mbili za waya, halafu nyingine mbili zenye alama ya taa ndogo. Spoku sijahesabu. Usiku naendesha kila siku ya kazi, kama dakika 40.

Mzee_wa_Waya:
Inchi 20 inabadilisha mambo. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo kitovu kilichoundwa kwa gurudumu la inchi 28 kitazungushwa kuliko kilivyopangiwa. Taa itawaka vizuri mapema, ila mzigo nao unaongezeka. Vipo vitovu vya magurudumu madogo, tafuta hivyo. Chupa haijali kabisa: roli yake inafuata kasi ya uso wa tairi, na uso wa tairi unakwenda sawa na barabara. Ukienda kilomita 15 kwa saa, roli haijui kama gurudumu ni dogo au kubwa.

Tairi_Nene:
Nasoma mnavyoisifu chupa na moyo unanienda mbio. Ngoja niseme yaliyonipata.

Yangu niliifunga kwenye foki ya mbele, upande wa kushoto. Miezi miwili haikunisumbua. Usiku mmoja mvua ikaanza nikiwa juu ya mlima mrefu, taa ikawa inapepesa, nikajua roli inateleza kwenye tairi lililolowa. Nikasimama, nikalegeza bolti, nikaisogeza chupa ikandamize tairi zaidi, nikakaza kwa kispana kidogo nilichokuwa nacho, vidole vimelowa. Ikashika. Nikashuka mlima nikifurahia mwanga.

Chini kule kuna sehemu ya barabara yenye mawe. Nilisikia sauti moja tu, kama mtu kavunja kijiti, kisha gurudumu la mbele likasimama na mimi nikaendelea. Nilivunjika mfupa wa mtulinga. Nilipokuja kuiangalia baiskeli siku kadhaa baadaye, chupa ilikuwa imelala ndani ya gurudumu, imebanwa kati ya spoku na foki, spoku tano zimekatika. Na bolti haikuwa imelegea! Ilikuwa mahali pake. Kibano kizima ndicho kilichozunguka kwenye bomba la foki kwa sababu ya maji na rangi laini.

Tangu siku hiyo nasema: chupa kama ni lazima, iwekwe nyuma. Gurudumu la nyuma likikwama utaburuzika. La mbele likikwama utaruka.

Bi_Kengele:
Pole sana ndugu yangu, na ashukuriwe Mungu ulipona. Hapo kwenye kibano umesema la maana. Vibano vingi vina skrubu ndogo yenye ncha kali. Watu wanaiacha kwa kuogopa kuharibu rangi, kumbe kazi yake ni kuitoboa rangi hadi kwenye chuma ili kibano kisizunguke, na hapo hapo umeme upate njia ya kurudi kupitia fremu.

Pedali_Usiku, jambo jingine ni mwelekeo. Shika uzi, uweke kwenye mhimili wa roli, uuvute hadi katikati ya kitovu. Mhimili wa roli uelekee hapo hasa. Ukienda pembeni kidogo tu, roli inasugua tairi badala ya kubingirika nalo. Utasikia inalia, na baada ya wiki chache utaona nyuzi za tairi.

Volti6:
Kwenye kurudisha umeme kwa fremu ndipo ninapokataa, Bi Kengele. Ilifaa enzi za balbu. Kutu kidogo kwenye kibano, au madigadi ya plastiki, na taa ya nyuma inakuwa ya kubahatisha. Kwa LED ni hatari zaidi: umeme wa dinamo huenda na kurudi, na baadhi ya taa za mbele huugeuza ndani yake uwe wa mwelekeo mmoja kabla ya kuupeleka nyuma. Ukiunganisha fremu pande zote mbili, unapiga shoti nusu ya mzunguko na taa inafifia. Nilihangaika siku tatu na taa ya namna hiyo, nikibadilisha nyaya nzima kumbe kosa ni mguu mmoja wa madigadi.

Waya mbili, mwanzo hadi mwisho. Na zile ncha zenye alama ya taa ndogo, Pedali_Usiku, ndiyo njia ya taa yako ya nyuma. Usiiunganishe moja kwa moja kwenye dinamo.

Bi_Kengele:
Mimi fremu imenibeba miaka mingi. Lakini yangu ni balbu, nakubali.

Mzee_wa_Waya:
Balbu nazo zina adabu yake. Mbele wati 2.4, nyuma 0.6, jumla 3. Balbu ya mbele ikiungua, mkondo wote unaikimbilia ile ndogo ya nyuma nayo inafuata papo hapo. Unabaki gizani mbele na nyuma kwa kosa la balbu moja.

BetriDaima:
Kwa nini mateso yote haya? Taa ya betri unaichaji usiku, basi. Dinamo ukisimama kwenye makutano, imezimika, na hapo ndipo gari linakujia kwa nyuma.

Volti6:
Hiyo ni habari ya zamani. Taa nyingi za LED za dinamo zina kapasita, kifaa kidogo kinachotunza umeme, zinaendelea kuwaka dakika kadhaa ukisimama. Pedali_Usiku, angalia kama yako inayo.

SpokuMoja:
Ujerumani walikuwa wanalazimisha dinamo kisheria hadi 2013 ndipo wakaruhusu betri. Hawakuwa wajinga. Na kitovu si kitu kipya, kampuni ya Kiingereza ya Sturmey-Archer walianza kuuza Dynohub, dinamo yao ya kitovu, mwaka 1936.

Mzee_wa_Waya:
Dynohub! Ninayo moja, bado inawasha taa. Mtu akiipata asifungue sumaku na kuichomoa hivi hivi, lazima uiwekee pete ya chuma mara inapotoka, la sivyo inapoteza nguvu. Niliona moja imeharibiwa hivyo na roho iliniuma.

Bi_Kengele:
Mzee, tuwekee picha.

Pedali_Usiku:
Asanteni sana wote. Tairi_Nene, maneno yako nimeyasoma mara mbili. Nimehesabu spoku za mbele, ni 20. Nimepima pia ndani ya foki kwa rula: milimita 74.

Mzee_wa_Waya:
74 ni nyembamba. Vitovu vya kawaida ni milimita 100, havitaingia, na usithubutu kuipanua foki. Vyembamba vipo kwa ajili ya baiskeli za kukunja, ila hakikisha na idadi ya matundu ya spoku.

Volti6:
Na kwa kuwa inakunjwa, waya unaoenda nyuma upe ulegevu kwenye bawaba. Ukunje baiskeli kwanza, ndipo ukate waya. Pale bawaba inapojikunja shaba hukatika ndani wakati plastiki ya nje ni nzima. Ukivuta taratibu kwa vidole viwili, sehemu iliyokatika inanyooka kama mpira. Ndivyo unavyoigundua.

Tairi_Nene:
Baiskeli ya kukunja kwa nyuma ina nafasi ya chupa kweli? Keria ipo?

Pedali_Usiku:
Keria ipo, lakini mguu wake unapita karibu sana na tairi. Nitapiga picha kesho kukiwa na mwanga. Halafu swali jingine wakuu, hiyo dinamo inaweza kuchaji simu nikiwa naendesha?

SpokuMoja:
Ya kitovu, ndiyo, kwa kifaa cha kugeuza umeme. Taa zikiwa zimezimwa lakini.

BetriDaima:
Kwa hiyo mchana achaji simu, usiku awashe taa. Mimi ningebeba pawabenki.

Volti6:
Picha kwanza. Piga na ile sehemu ya nyuma ya taa, tuone ncha zenyewe.