Kabatini maboksi yapo sita, mfumo unasema hakuna dawa ya mshiriki wangu

Muuguzi_Utafiti:
Habari za kazi wadau. Ni muuguzi kwenye jaribio la dawa, mwezi wa nne sasa. Leo saa nne asubuhi mama mmoja kaja kwa hudhurio lake. Nimempima presha, nimemtoa damu, nimehesabu vidonge alivyorudisha: kati ya 35 vimebaki 9, maana yake ndani ya siku 28 ameruka siku mbili. Naingia kwenye mfumo wa kompyuta unaogawa maboksi unipe namba ya boksi jipya, unagoma: hakuna dawa kituoni. Nafungua kabati, maboksi sita haya hapa. Rangi moja, lebo moja, tofauti ni namba tu. Mama yupo kwenye benchi ananisubiri. Sijampa kitu, ila nusura nichukue mojawapo niandike namba yake kwenye daftari. Kosa lingekuwa lipi hasa? Na tunajipangaje lisijirudie?

Mfamasia wa zamu:
Dada, umefanya vizuri mno kutogusa. Maboksi hayo yamefananishwa kwa makusudi. Mengine ni dawa, mengine plasibo (vidonge visivyo na dawa), na namba zimechanganywa ili 1041 na 1042 zisikuambie lolote. Ungebahatisha, huenda mama aliyekuwa kwenye plasibo miezi yote hii angeanza kumeza dawa leo, na hakuna anayejua.

Sasa angalia hali ya kila boksi kwenye mfumo. Mshiriki anarudi baada ya siku 28, na mnampa dirisha la siku 7 akichelewa, ndiyo maana kichupa kina vidonge 35. Basi boksi litakaloisha muda ndani ya siku 35 halitolewi, hata kama leo ni zima. Mengine huwa karantini, yaani yametengwa yasitolewe, kwa sababu joto lilizidi njiani. Na kuna hili nililolikuta mara nyingi kuliko yote: mzigo umefika, umepangwa kabatini, lakini hakuna aliyethibitisha kuupokea. Kwa mfumo, mzigo huo bado uko barabarani.

Kuhusu mama, mpigie mfadhili (mwenye jaribio) sasa hivi uulize kama anaweza kuendelea na kichupa chake chenye vidonge 9. Jibu lije kwa maandishi. Usiamue mwenyewe, maana itifaki (kanuni za jaribio) nyingine haziruhusu dawa iliyorudishwa itoke tena.

Mpanga_mizigo:
Kazi yangu ni kupanga akiba, na swali la pili ndilo linaniuma. Watu hujumlisha: washiriki wanne wanakuja, maboksi sita yapo, tunatosha. Hapana. Hesabu hufanywa kwa kila upande, wa dawa na wa plasibo, peke yake. Chukua mfano wa ugawaji wa nasibu, yaani kuwagawa washiriki kwa bahati, kwa mafungu ya wanne, wawili huku wawili kule. Fungu moja likiishia na wawili wa dawa na linalofuata likaanza na wawili wa dawa, wanne wameangukia upande mmoja mfululizo. Kwa hiyo unahitaji maboksi manne ya kila upande kwa wapya tu, ongeza ya wanaorudi kabla mzigo ujao haujafika. Hesabu hii haifanyiki kituoni, kwa sababu ukijua ukubwa wa fungu utaanza kukisia nani yuko wapi. Wewe peleka ratiba ya mahudhurio na idadi ya wapya unaowatarajia, mapema.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Kama maboksi hayo ni mazima na mfumo bado umekataa, umeshajua kitu: yote ni ya upande ambao mama huyo hayupo. Mshiriki wa kesho akipewa mojawapo, utajua hawako kundi moja. Siri ya nani yuko upande gani imevuja bila mtu kufungua bahasha inayoitunza. Mweleze mfadhili hivyo, na usimwambie daktari anayewapima wagonjwa.

Muuguzi_Utafiti:
Asanteni sana, kaka na mfamasia. Nimeangalia: mawili yanaisha muda baada ya siku 30. Manne ni mazima, na sina haja ya kuuliza zaidi. Ruhusa ya maandishi imekuja saa nane, mama kaondoka na kichupa chake, nimeandika vidonge 9 kwenye daftari naye kaweka sahihi. Mzigo unafika Ijumaa, atarudi Jumatatu. Orodha ya namba za maboksi nimeomba ibaki kwa mfamasia wetu, mimi nisiwe naiona.