Re: Kumtafuta babu kwenye magazeti ya zamani (hasa mlio Uingereza)

> Shikamooni wakubwa. Kwenye sanduku la marehemu baba nimekuta kipande cha gazeti la Kiingereza. Behewa la mizigo liliacha reli karibu na Tabora. Mkaguzi wa Kizungu katajwa kwa jina na cheo, halafu mwishoni wameandika tu "two natives were injured". Nyumbani tuliambiwa mmoja wao ni babu. Hakina tarehe, na jina la babu nikilitafuta kwenye intaneti halitoki. Kwenye kitabu cha familia nataka niandike "Waafrika wawili walijeruhiwa". Mnanishauri nini?
> Mjukuu, Birmingham

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu baba yako.

Kwanza, acha kutafuta jina. Magazeti yale mara nyingi hayakumpa Mwafrika jina: alikuwa "native", basi. Akiwa mtumishi wa nyumbani aliitwa "boy" hata kama ana wajukuu. Kwa hiyo tafuta tukio: andika Tabora, Central Line, derailment, na hilo hilo "native". Linakera kuliandika, lakini ndimo walimomfungia babu yako.

Kuhusu tarehe, soma kipande chako taratibu. Kikisema "Tanganyika Railways", ni kabla ya 1948. Kikisema "East African Railways and Harbours", ni 1948 au baadaye, maana ndipo reli yetu ilipounganishwa na ya Kenya na Uganda. Neno "native" nalo linasaidia kiasi. Mwaka 1951 sheria ilibadili hata jina la mahakama, "Native Courts" zikawa "Local Courts", na kadiri siasa za TANU zilivyopamba moto ndivyo "African" ilivyozidi kuonekana magazetini. Wakati TANU inakutana hapa hapa Tabora Januari 1958 kuamua suala la kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu), mabishano yalikuwa juu ya viti vya Waafrika, Waasia na Wazungu. Ila usilitegemee neno peke yake, halikufa siku moja. Kigeuze kipande uangalie nyuma: tangazo la sinema au la meli linaweza kukupa mwaka.

Kwa kuwa uko huko, nenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Majalada ya Tanganyika yako chini ya namba ya kumbukumbu CO 691. Kuingia ni bure, unatengenezewa kadi ya msomaji kwa kitambulisho chako. Huku nyumbani kuna Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, na maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani.

Sasa hili ndilo ninalokuomba usilipite: tafuta pia Mambo Leo. Lilikuwa gazeti la serikali, lilianza 1923 chini ya Idara ya Elimu, lakini lilikuwa la Kiswahili, na watu wa bara waliliandikia barua na mashairi, wakaweka majina yao na miji yao chini. Mtu yule yule aliyekuwa "native" kwenye gazeti la Dar aliweza kuwa fulani bin fulani, wa Tabora, kwenye Mambo Leo. Kama babu alijua kusoma, huenda yumo.

Na kitabu cha familia, tafadhali usibadilishe. Ukiandika "Waafrika wawili" utakuwa umelisafisha gazeti lile, likaonekana lina adabu ambayo halikuwa nayo. Nakili maneno yake kama yalivyo, halafu chini yake uandike jina la babu, la baba yake, na kijiji alichotoka. Wajukuu wasome vyote viwili.

Mwalimu mstaafu, Isevya, Tabora

---

Naongeza kwa wenzangu wa Kigoma ambao wazee wao walifanya kazi melini au bandarini: majina ya miji nayo yalikuwa mengine. Bujumbura itafuteni kama Usumbura, Kalemie kama Albertville, na Rwanda na Burundi kwa pamoja kama Ruanda-Urundi. Wabelgiji walikuwa na sehemu yao bandarini Kigoma, kwa hiyo habari nyingine ziko kwa Kifaransa, na huko mzee wako ni "indigène", yaani "native" ya Kifaransa. Aliye Brussels na anayeweza kwenda kuangalia nyaraka atuambie.

Na wewe wa Birmingham, piga picha kipande pande zote mbili ukitume hapa, tukisome pamoja.

Mama wa Mwanga, Kigoma