Chanjo ya malaria: mtoto amepitwa na dozi ya tatu, Nyando

MamaK_Ahero: Mtoto ana miezi 11. Amepata mbili, ya miezi 9 ikapita. Tunaanza upya? Na neti bado ni lazima?

Daktari_Mdogo: Hamuanzi upya, mama. Nenda na kitabu cha kliniki, apewe ya tatu sasa, mradi wiki 4 zimepita tangu ya pili. Ya nne msiidharau: kinga hushuka baada ya miezi kadhaa, na dozi hiyo ndiyo huiinua tena. Nesi aandike tarehe yake kwa kalamu, si kwa mdomo.

Neti ni lazima. Katika majaribio makubwa ya RTS,S (mojawapo ya chanjo mbili za malaria), dozi nne zilipunguza malaria kwa takriban 36% katika miaka 4. Kwa hiyo akichemka mwili, apimwe damu. Usiseme "huyu amechanjwa". Homa ya siku mbili tatu baada ya sindano ni kawaida, lakini akipata degedege mkimbize hospitali.

Friji_ya_Chanjo: Usishangae ukiambiwa ungoje kidogo mtoto wa pili afike. Kichupa cha RTS,S ni cha watoto wawili: unga huchanganywa na maji yake, kila mtoto nusu mililita, na kinachobaki hutupwa baada ya saa 6. R21, ile chanjo nyingine ya malaria, huja tayari, haichanganywi. Zote hukaa nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

MamaK_Ahero: Ya surua ya miezi 9 pia hakupata. Siku moja?

Daktari_Mdogo: Ndiyo, sehemu tofauti za mwili.