Nani aliwadanganya kwamba kupogoa mti ni kuukata kichwa?

Wakuu heshima kwenu. Mods, naomba msiuunganishe huu uzi na nyuzi za kukatika umeme, hili ni jingine kabisa.

Jumanne natoka kazini, nafika kona ya nyumbani, naona mwanga mwingi kuliko kawaida. Mwembe wetu hauna kichwa. Dodo ule marehemu mzee aliupanda mwaka 1988, mimi sijazaliwa. Juu ya shina vimebaki vigingi vinne, kama meza iliyopinduliwa miguu juu. Na ulikuwa umeshaweka maua! Chini ya ukuta yamelala, nyuki bado wanazunguka.

Bi mkubwa anasema walikuja vijana watano na Fuso, chensoo moja, panga tatu, hakuna kamba, hakuna hata aliyevaa kofia ngumu. Eti wanasafisha njia ya umeme. Waya unapita upande wa barabarani na tawi lililousogelea lilikuwa MOJA. Alipouliza mbona mnamaliza mti mzima, akajibiwa, "Mama usijali, utachipua tu."

Hiyo "utachipua tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Utachipua ndiyo, tena kwa fujo, kwa sababu majani ndiyo jiko la mti na mmelibomoa lote siku moja. Mti ukibaki na njaa unasukuma machipukizi popote penye gome, yamebanana kama ufagio wa chelewa. Sasa hayo hayashiki kama tawi la kawaida. Tawi halisi limekua pamoja na shina mwaka hadi mwaka, limesukwa ndani ya mbao. Chipukizi la namna hii limebandikwa juu juu tu. Huku linanenepa, kigingi kilicho chini yake kinaoza, maana jeraha la upana ule mti hauwezi kulifunga haraka. Miaka michache mbele una tawi zito limekaa juu ya mbao mbovu, na waya umeshafikiwa tena. Kwa hiyo hatari waliyosema wanaiondoa ndiyo wameipanda.

Na embe? Embe hutoa maua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Haya machipukizi yatakula misimu kadhaa kabla ya kukumbuka kwamba yenyewe ni ya mwembe.

Msidhani naongea nadharia. Mwarobaini wa pale kijiweni ulifanyiwa hivi hivi. Masika iliyopita tawi likang'oka likatua kwenye banda la chipsi, bahati jamaa alikuwa ameenda kununua mkaa. Nilikwenda kuangalia pale lilipochomoka: mbao ya kahawia, ukiigusa inamong'onyoka kama mkate uliolowa chai, na mchwa wamo.

Jana nimepanda ngazi kuukagua wetu. Tawi la upande wa choo walilikata kwa juu tu, likaelemewa na uzito wake, likachana gome kutoka pale mpaka usawa wa kifua changu. Halafu juu ya jeraha wamepaka oili chafu. Oili ya gari! Alex Shigo, yule Mmarekani aliyepasua miti kwa maelfu kuangalia uozo unavyotembea ndani, alionyesha zamani sana kwamba mti hauponi kama ngozi. Unazungushia ukuta sehemu iliyoumia, kisha unaota mbao mpya kwa nje. Kupaka rangi au lami hakuzuii kuoza, sembuse oili chafu.

Kazi yenyewe inayotakiwa wala si uchawi. Unaanza kukata kwa chini, mbali kidogo na shina, usifike kati. Kisha unakata kwa juu, mbele ya pale, mbali zaidi na shina, tawi linaanguka bila kuchana kitu. Mwisho unaondoa kigingi kilichobaki, ukipita nje ya kile kivimbe cha pale tawi linapoungana na shina, kimekaa kama kola ya shati. Usikikate kivimbe, ndicho kinachofunga jeraha. Usiache kigingi pia. Na kwa mti mzima hugusi zaidi ya robo ya majani kwa mara moja.

Babu yangu kule Kibosho hakusoma haya popote, lakini ungesogelea mbuni wake wa kahawa na panga angekufukuza mpaka barabarani. Mkasi wake wa kupogolea alikuwa akiunoa mwenyewe, hamwazimi mtu. Na wataalamu wapo, chuo cha misitu Olmotonyi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) wanahitimu vijana wa misitu kila mwaka, wengine wanaendesha bodaboda. Tenda anapewa mwenye Fuso.

Najua watakuja wa "mti tu huo, watu hawana dawa hospitali". Njoo ukae kwetu saa nane mchana, bati linavyolia sasa hivi, halafu turudie mjadala.

Shida ya leo ni hii: wamesema Jumamosi wanarudi kwenye mzambarau wa mzee jirani. Aliye Dar anayemjua mpogoaji wa kweli, mwenye kamba na anayejua kola ni nini, aniambie PM, mzee yuko tayari kulipa. Kwa sasa amesukuma Corolla yake mbovu mpaka chini ya shina, ametoa betri, na funguo anatembea nazo mfukoni.